Samaki wa Nazi wa Bi Mwanaidi

Enzi zetu kule Masama, mtoto aliyekula samaki alitazamwa kama aliyevunja kioo cha kanisa. Wenzangu mnakumbuka: wazee walimwita samaki nyoka wa majini. Bibi yangu mzaa baba alipomkabidhi mama jiko, alimwachia vyungu, mwiko na sheria moja, kwamba nyoka huyo asipikwe humo. Mama akaishika sheria ile kuliko amri za Musa.

Sasa, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa, mtu asiye na siri. Alikuwa nayo moja tu, na hiyo moja ilinuka.

Kila tulipoteremsha kahawa Moshi mjini, alinishika mkono tukapita nyuma ya soko hadi kwa Bi Mwanaidi. Chumba kimoja, mabenchi manne, meza zimevalishwa nailoni ya maua mekundu. Bi Mwanaidi alitoka Pangani akimfuata mume, mume akamfuata mwingine, yeye akabaki na jiko. Samaki wake walipanda basi kutoka Tanga ndani ya tenga lenye barafu, na abiria waliokaa karibu walifika Moshi wakinuka bahari ambayo hawakuiona. Nguru wa nazi ndiye aliyekuwa mfalme pale. Nazi ilikuwa nzito, pilipili imetumbukizwa nzimanzima, na pembeni ndizi zilizopikwa kwenye mchuzi uleule, maana Bi Mwanaidi aliwajua wateja wake: Mchagga asipoona ndizi anadhani chakula bado kinakuja.

Tatizo letu lilikuwa miiba. Baba alimvamia changu wa kukaanga kama anavyovamia mbavu za mbuzi, mwiba ukamkwama kooni, macho yakamtoka.

"Mzee wangu!" Bi Mwanaidi alimpigia kelele akimsukumia ugali. "Samaki halimwi kama shamba. Msome pole pole kama barua ya posa! Meza tonge, usitafune!"

Siku nyingine tenga lilikuja na chaza. Baba aliwageuza mkononi, akauliza, "Bibi, haya mawe tunayafanyaje?"

"Unafungua, mzee."

"Sisi tunamla mbuzi mpaka utumbo. Jiwe litatushinda?"

Akauma. Nusu ya jino lake iko mjini hadi leo. Mimi, shujaa wa darasa la tatu, nilimtazama yule chaza anavyotetemeka ndani ya gamba lake, nikasema nina malaria.

Kazi ilikuwa kurudi nyumbani. Kabla ya kuingia kihambani, shamba letu la migomba na kahawa, tulisimama kwenye mfereji, tukasukutua midomo, tukasugua viganja kwa majivu ambayo baba aliyabeba kwenye karatasi kama mganga. Haikusaidia. Mama alitusikia harufu kutoka migombani. Hapo baba alichuma jani la isale kwenye uzio, akampa kwa mikono miwili. Nyote mnajua kwetu: ukiletewa isale, huna budi kusamehe. Mama alipokea, akatikisa kichwa. "Baba Eli, mwaka huu uzio utabaki uchi."

Kisha yalianza mahojiano, tukiwa bado nje. Mlikaa benchi gani? Nazi yake ni nyeupe au ya njano? Wanawake nao wanakaa mezani? Baba yako alicheka? Mimi nilijibu kama mshtakiwa, neno moja moja, nikidhani anakusanya ushahidi.

Baba alipofariki, mimi nilishamaliza sekondari siku nyingi, nina nyumba yangu ndogo mjini, na nimeshakuwa mtu ninayejulikana kwa jambo moja: kutotoka. Mke wangu anasema nikienda dukani niage kwa sala. Kwa Bi Mwanaidi sikwenda tena, ingawa ni mwendo wa robo saa. Nilijiambia yupo tu, atakwenda wapi?

Siku moja nilimpeleka mama hospitali ya Mawenzi kupimwa presha. Tulipokuwa tunarudi tulipita nyuma ya soko. Mama akasimama mbele ya mlango ule, mkono kwenye fimbo.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa, mama. Tupite haraka, hiyo harufu isikuumize."

Alichungulia ndani kidogo, nami nikamvuta kiwiko. Nilikuwa nawaza kochi langu.

Usiku ule hakugusa chakula. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanitazama kama alivyonitazama nilipofeli hesabu.

"Eli, nguru akipikwa nazi anakuwaje?"

"Mama! Kumbe samaki unamtaka?"

"Nani aliniuliza? Mama mkwe alikataza jikoni kwangu. Mjini hakukataza. Miaka yote mmeniletea majani ya uzio, hamkuniletea hata mwiba."

Nikacheka, akacheka. Nikamwahidi Jumamosi.

Jumamosi mvua ilinyesha. Ile iliyofuata kulikuwa na mpira. Iliyofuata, naona aibu kuandika, hapakuwa na kitu chochote, nililala tu. Mama hakunikumbusha. Akina mama wa enzi zile walikuwa wakisema jambo mara moja, basi.

Tulipokwenda, miezi ilikuwa imepita. Alivaa gauni lake la kipaimara cha wajukuu, kitambaa kimepigwa pasi, na asubuhi hakunywa hata chai ili abakize nafasi. Tukakuta mlango umefungwa kwa komeo jipya, na kijana amepanga makava ya simu kwenye ngazi.

"Bibi wa samaki alirudi kwao, wazee wangu. Miguu ilimkataa. Mwezi wa pili sasa." Kisha akaongeza, kwa wema kabisa, "Lakini kuna sehemu kali pale juu, wana kila kitu cha bahari. Mnaagiza kwa simu tu."

Nikamwambia mama twende huko. Akakataa.

"Samaki wapo kila mahali, mwanangu. Mimi nilitaka kukaa alipokaa baba yako."

Akaweka kiganja kwa muda mfupi kwenye mlango ule wa mbao, kama mtu anayempapasa mtoto kuona kama ana homa, kisha akasema turudi, jua limekuwa kali. Njiani alininunulia karanga. Alitutoka kabla ya mvua za masika zilizofuata.

Siku hizi wanangu wakitamani samaki wanabonyeza kioo, na kabla ya kumaliza kubishana nani alipe, pikipiki imeshapiga honi getini. Wanamla kwenye kochi, kila mmoja na simu yake, na harufu ikibaki wanapuliza manukato. Nawatania kwamba wao hata miiba wanatolewa na mpishi. Wananijibu, "Dingi, wewe mwenyewe hutoki." Kweli tupu. Nyuma ya soko ni robo saa kwa miguu. Mama yangu alikuwa tayari kuutembea mwendo huo akiwa na fimbo na njaa, na mimi ndiye niliyemwambia asubiri.