Kutetemeka Kwenye Joto

Kila asubuhi ya majira ya baridi, Raili ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika ziwani, mtaimbo begani, kuvunja barafu iliyoziba usiku tundu letu la kuogea. Hapa kwetu kaskazini ya Ufini wanawake hutoka sauna, chumba cha mbao chenye joto kali, miili ikifuka mvuke, hushuka ngazi ya mbao hadi shingoni kwenye maji meusi, kisha hurudi mbio kwenye joto. Raili hakurudi mbio. Alikaa mle majini kama mtu aliyeketi sebuleni kwake, akitutazama kwa huruma.

Alikuwa na miaka sabini kasoro kidogo. Mumewe aliangukiwa na mti msituni, naye akalea mabinti watatu kwa kuendesha basi la shule. Sikuwahi kumsikia akisema anaumwa. Nilipomleta sauna mwanangu Okko, bado mchanga, Raili alimchukua akamwogesha kwenye karai kwa ile mikono mipana iliyozoea usukani, na mtoto aliyenililia njia nzima akanyamaza. Tangu siku ile nikawa namtazama katika kila alichofanya, kama mtu anavyoutazama mlima.

Ndiyo maana niliona. Ilikuwa Februari. Raili alianza kutoka katikati ya mazungumzo, anakwenda chooni nyuma ya sauna, anarudi, hajakaa vizuri ameondoka tena. Mirja, anayewasha jiko la sauna na ambaye ulimi wake hauna likizo, alimtania kwamba dereva siku hizi anasimama kila kituo. Tukacheka. Raili naye akacheka, lakini kikombe chake cha kahawa kilipoa mezani, na mkate wa iliki hakuugusa. Yeye, aliyekuwa akinywa vikombe vitatu, sasa hanywi hata maji.

Jumamosi alitoka majini akitetemeka. Hilo si jambo kwetu. Kila mtu hutetemeka, na dawa yake inajulikana. Tukampandisha benchi la juu kabisa, Mirja akamwaga maji juu ya mawe ya moto ya jiko, mvuke ukaja na kutuuma masikio. Raili akaendelea kutetemeka. Mirja akamwaga tena. Wahenga wetu walisema kama sauna haikuponyi, basi ugonjwa huo ni wa kaburini, na sisi sote tuliamini kwamba joto bado halijatosha.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu yake, na jambo nililoliona sijalisahau mpaka leo. Jasho lilitutiririka, mbao zilikuwa za moto hata huwezi kuziegemea, na yule mwanamke asiyeogopa barafu alikuwa akigonganisha meno. Nikamshika mgongoni nimsaidie kushuka. Kiganja changu kilipogusa ubavuni, chini ya mbavu, alishtuka kama nimemchoma.

Nikakumbuka mimba ya Okko. Wakati ule mkojo uliwahi kunichoma, matone mawili kama maji ya pilipili, na dakika chache baadaye haja ile ile, na tumbo la chini zito. Mkunga wa kliniki alinikanya nisikae na hali hiyo, maana ikiachwa hupanda hadi kwenye figo, chini ya mbavu.

Sauna tunakaa uchi, tunasema ya waume na ya talaka, lakini hilo la kwenda haja mtu hukaa nalo mwenyewe. Nikamsogelea sikioni.

"Raili, mama, ukikojoa inachoma?"

"Tangu wiki iliyopita," akasema. "Ndiyo maana sinywi. Nisipokunywa, siendi."

"Na mkojo wenyewe?"

"Umevurugika, una harufu. We binti, ni baridi ya ziwa tu imenikaa kibofuni. Mwambie Mirja aongeze maji kwenye mawe."

"Hapa juu nani mwingine anatetemeka? Baridi hii haikutoka ziwani. Iko ndani yako."

Akageuka kututazama, mmoja mmoja, jinsi tulivyokuwa wekundu tukihema. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, ile mikono, ikicheza juu ya magoti bila ruhusa yake. Nadhani ndipo alipoogopa. Mirja, aliyekuwa amesikia, aliweka kata chini, akaenda kuwasha gari.

Hospitalini walimkuta na homa kali. Vijidudu vilikuwa vimetoka kibofuni vikapanda hadi kwenye figo, na daktari alisema angechelewa kidogo vingeingia kwenye damu. Wakamtundikia dawa mshipani. Wakamweleza kwamba njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, vijidudu havina safari ndefu. Si uchafu, si aibu, na kuacha kunywa maji hakusaidii. Raili alinisimulia haya yote kitandani kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoishi miaka yote ina mlango asioujua. Mimi pia nilistaajabu. Wadudu wasioonekana kwa macho walikuwa wamemwangusha mtu ambaye hata ziwa zima halikumweza.

Hakuingia majini mpaka daktari aliporidhika. Aprili, barafu ikianza kulainika, alishuka ile ngazi taratibu, akakaa maji yakimfika shingoni, akafumba macho. Sote tulimtazama.

Aliporudi ndani hakupanda benchi la juu. Alikaa la chini, karibu na mlango, akiwa na jagi la maji.

"Mirja," akasema, "hiyo ni mara ya ngapi unatoka?"

"Wewe bibi, siku hizi unahesabu mikojo ya watu?"

"Ninahesabu."

Wengine wakacheka. Mirja hakucheka. Alishika kata, akaiweka, akaishika tena.

"Inachoma kidogo tu," akasema.

Raili alikuwa ameshasimama. "Vaa viatu," akamwambia. "Leo naendesha mimi."