Choo Kimoja na Mkamwana

Waliponitoa kansa kwenye utumbo wa mwisho, daktari wa Mwanza alinieleza kwa upole, akanichorea kwenye karatasi. Alikata kipande kibaya, akaunga vilivyobaki. Akasema ile sehemu aliyoikata ndiyo ilikuwa ghala, na mtu asiye na ghala, mzigo ukifika hauna pa kusubiri. Mimi nilikuwa mpima pamba wa chama chetu cha ushirika, mambo ya ghala nayajua. Nikajibu, "Nimeelewa, daktari." Sikuelewa. Kwa haki, kosa si lake. Aliniambia, mimi nikadhani ni mfano tu.

Nyumbani nikawa naenda haja kubwa mara kumi, kumi na mbili kwa siku. Na usidhani ukienda umemaliza. Unatoka, unafunga mkanda, unafika mlangoni pa jiko, inakuita tena. Unarudi kwa kitu kidogo kisichofaa hata kutajwa, nacho kimekuhangaisha kama gunia zima. Ukicheka, shida. Ukipiga chafya, usiulize. Na nikila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa maharage, ndicho chakula chetu cha kiangazi, tumbo lilinguruma mpaka mbwa anainua kichwa.

Sijui kama mambo haya yanaandikwa. Nimesoma mpaka darasa la nne, na darasa la nne hawakutufundisha yapi yanaandikwa na yapi yanaachwa.

Tumbo peke yake ningelivumilia. Kilichonichosha ni choo. Mji wetu, nyumba yangu na ya mwanangu, ulikuwa na choo kimoja, tulichochimba mabwana afya walipopita kuhimiza. Na kwetu baba mkwe hatumii choo kimoja na mkamwana. Nani aliweka mwiko huo, sijui, niliukuta. Tangu mwanangu alipooa nilikiacha choo, nikawa nakwenda zangu porini nyuma ya shamba la pamba, hatua kama mia tatu, wala sikuona tabu. Sasa hatua mia tatu nani azifikishe? Nilijaribu siku tatu. Siku zote tatu nilirudi nimejifunga shuka, suruali mkononi.

Mke wangu ndiye aliyekata shauri. "Tumia choo. Mungu anaona ulivyokatwa. Kohoa tu ukiwa mlangoni kwako, binti akiwemo atatoka."

Ilionekana busara. Lakini mtu wa kukohoa mara kumi na mbili si mkwe tena, ni kifaduro. Na binti mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi sita, naye haja zilimwita kila mara. Nikikohoa, anatoka mbio, kajifunika khanga kichwani, anapita nyuma ya zizi. Nami nasimama nimebana miguu, nimekasirika. Nikaandika kwenye daftari langu: "Huyu binti ananivizia." Neno hilo ningeweza kulificha. Naliacha hapa, maana ndivyo nilivyofikiri.

Kisha siku mbili, tatu, kila nikikohoa choo kikawa kitupu. Nikafurahi. Nikasema sasa amejua zamu yangu.

Jumatatu mke wangu akaniketisha. "Unajua anakwenda wapi? Anavuka kijito, anakwenda choo cha jirani. Mchana hanywi maji, asije akabanwa. Jana kaanguka njiani kutoka kisimani na ndoo yake. Kaka yake anakuja Jumamosi kumchukua."

"Mbona hakusema?"

"Amwambie nani? Wewe unasemezwa na yeye?"

Kweli. Kwa heshima hakunisemesha moja kwa moja. Uji ukiiva alimwambia kuku, nami nikiwa pale nasikia: "Kuku, mwambie baba uji umeiva." Jambo la choo hata kuku hakuambiwa.

Sikulala vizuri. Mwanangu alikuwa Nyarugusu, kwenye mashimo ya dhahabu. Angerudi akute nyumba haina mke wala mtoto, na watu wangesema baba mtu ndiye aliyemfukuza. Wasingekuwa waongo.

Asubuhi nikachukua jembe, nikaanza kuchimba choo changu mwenyewe, hatua sita kutoka mlangoni. Daktari alinikataza kazi nzito. Hilo nalo ni kosa langu. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita.

"Mzee mwenzangu, hapo kuna dhahabu?"

"Natafuta pa kuchuchumaa."

"Mwanao anachimba kule, wewe unachimba hapa. Mmekuwa ukoo wa panya!"

Nilitaka kumjibu. Tumbo likawahi. Shimo lilikuwa limefika magotini, nikalitumia hivyo hivyo, mchana kweupe, shuka nimeizungusha kiunoni. Balozi, nimpe haki yake, aligeuka akaangalia upande wa barabara mpaka nilipomaliza. Na jioni alimtuma dereva wa lori na ujumbe Nyarugusu, bila kuniambia.

Ijumaa mwanangu akafika. Akalitazama shimo langu.

"Baba, hili ni la kupanda mgomba?"

"Wewe unachimbia watu futi arobaini, kwenu baba yako hana hata kumi!"

Akavua shati. Alilichimba kama wanavyochimba huko, jembamba, limenyooka, na magogo ya kuzuia kingo zisiporomoke. Jumamosi shemeji yake alipofika, shimo lilikuwa refu kuliko mtu, ila halina paa. Alichungulia, akatikisa kichwa, na bado akamchukua dada yake. Simlaumu. Choo kisicho na ukuta ni ahadi tu.

Wiki mbili mji ulikuwa kimya. Choo kikapata nyasi na mlango wa mabua, nami nikakaa humo kama mfalme, nimekasirika kuliko mwanzo, maana sasa sikuwa na wa kumlaumu. Hata hatua sita kuna siku sikuzifikisha. Nilifua matambara yangu kwa majivu. Ilikuwa miaka ile baada ya vita ya Kagera, sabuni kwenye duka la kijiji hawakuwa nayo.

Siku moja mchana natoka mbio, naona juu ya jiwe mlangoni pa choo changu nusu mche wa sabuni. Nyuma yangu, uani, nikasikia sauti niliyoikosa wiki mbili: "Kuku, hiyo sabuni usiidonoe. Nimeitoa kwetu, ni ya mwenye choo."

Nikaingia. Kwa mazoea nikakohoa. Kutoka choo cha zamani, baada ya muda, naye akakohoa. Ilikuwa heshima au dhihaka, mpaka leo sijui. Nilikuwa na haraka.