Aliyepiga pasi mashuka ya meli sasa ataka kuyalalia

Ni saa moja asubuhi na pasi imeshashika moto. Mzee Mvuke anainyunyizia maji kola ya shati jeupe, anaigeuza, na kuanza na upande ambao hakuna atakayeuona.

"Kola inapigwa kwa nyuma kwanza," anasema bila kuinua macho. "Ukianza mbele inajikunja kwenye ncha, na mwenye shati atakasirika siku nzima bila kujua kinachomkasirisha."

Chumba chake cha kazi kina meza mbili zilizovishwa blanketi, waya uliotandazwa kutoka ukuta mpaka ukuta, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja umewekewa kipande cha kigae. Nyuma ya pazia, mkewe anafunga vifungo na kukunja mashati yaliyopoa. Wameifanya kazi hii pamoja tangu kitinda mimba wao alipokuwa anatambaa chini ya meza. Sasa huyo kitinda mimba ananyoa ndevu.

Wateja wengi wanadhani ameitwa Mzee Mvuke kwa sababu ya pasi hii. La hasha. Jina hilo la Mvuke alilipata akiwa kijana, kwenye chumba cha dobi cha meli ya kitalii, ambako alifanya kazi miaka tisa.

"Watu wakisikia nilikuwa melini, macho yanawatoka," anasema, huku akicheka. "Wanataka niwasimulie miji. Jamani, mimi miji niliijulia kwenye taulo."

Anaeleza. Chumba cha dobi kilikuwa chini kabisa, chini ya mstari wa maji, hakina dirisha hata la kupitisha kidole. Taulo zikishuka na mchanga, walijua juu kuna ufukwe. Vitambaa vya meza vikishuka vimemwagikiwa mchuzi, walijua bahari imechafuka usiku uliopita. Na mashuka yakishuka yamenyooka kana kwamba hayakulaliwa, walijua abiria wamecheza muziki mpaka kumekucha.

"Tulikuwa tunasoma dunia kwa uchafu wake," anasema. "Na nilikuwa na furaha. Usiniandike kwamba niliteseka. Joto lilikuwa joto kweli, lakini kulikuwa na wimbo. Mmoja anaanza kwa lugha ya kwao, mwingine anajibu kwa ya kwake, na mashine inatupigia ngoma. Mpaka leo nikisikia harufu ya wanga kwenye shuka moto, moyo unanienda mbio kama wa kijana."

Nyuma ya pazia inasikika sauti ya mkewe. "Mwambie na mimi nilikuwa wapi."

Mzee Mvuke anaishusha pasi. "Alikuwa hapa," anasema. "Na watoto wawili."

Mama huyu haongei sana, lakini akiongea haachi kitu juu ya meza. Anatoka nje ya pazia na shati mkononi, anakaa kwenye benchi, upande ule usioyumba.

"Mimi niliolewa na simu," anasema. "Meli ikitia nanga, anapiga. Namuuliza, bahari ikoje huko? Ananiambia ni ya buluu, ina nyangumi. Nikawa najisemea, huyu bwana nyangumi kamwona lini? Mtu aliyemwona mnyama kwa macho yake hasemi 'wanasema ni mkubwa sana'."

Mumewe anakohoa. Habari za nyangumi, anakiri, alikuwa akizipata kwa wahudumu wa meza.

Mkataba wake wa mwisho ulipoisha, alirudi nyumbani na sanduku moja na ahadi moja. Alimwambia mkewe kwamba ipo siku watapanda meli ile wote wawili, wakiwa abiria, na atakwenda kumwonyesha kila alichokosa kukiona.

Ahadi ni deni, waliosema hawakukosea. Mwaka wa kwanza kulikuwa na ujenzi wa nyumba. Kisha ada za shule. Kisha mama yake mzazi aliugua, wakamuuguza mpaka alipotangulia mbele ya haki. Kisha pasi kubwa ikaharibika. Halafu ikaja misimu ya harusi, ambayo kwa dobi ni kama mavuno kwa mkulima, huwezi kuondoka. Kila mwaka ulikuja na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kugombana nayo.

Mwaka huu sababu zimekwisha. Watoto wamechanga, wao wenyewe wakaongezea akiba yao, na kuna meli itakayopita bandari ya mji wao miezi michache ijayo na kuchukua abiria kwa safari ya wiki moja. Kwa hesabu ya Mzee Mvuke, ambaye hupima kila kitu kwa mashati, nauli ya watu wawili ni sawa na mashati elfu mbili na ushei. Fedha hiyo ilikuwapo. Kilichobaki kilikuwa kuamua wakate tiketi lini, na ya namna gani.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

"Mimi nikasema tusubiri," anaeleza. "Naijua meli. Meli haipendi kitanda kitupu. Zikibaki wiki mbili, vyumba havijajaa, huko juu wanashusha bei mpaka chini. Sisi dobi tulikuwa tunajua mapema, maana ghafla tunaambiwa tuandae mashuka zaidi. Nikamwambia mke wangu, subira huvuta heri."

"Nami nikamwambia, ngoja ngoja huumiza matumbo," anadakia mkewe. "Langu limeumwa miaka mingapi?"

Wakashindana kwa methali siku kadhaa, mpaka binti yao mkubwa, ambaye anauza kwenye duka la dawa mtaa wa pili, alipochoka. Akawaambia waende kwa wakala, wakasikie kwa masikio yao.

Ofisi ya wakala iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo. Wakala ni msichana mchangamfu aliyewaamkia shikamoo mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza Mzee Mvuke alikuwa bado anahema kwa ngazi. Aliwageuzia kompyuta ili waone wote.

"Baba, mama, nawaeleza kwa kifupi," alisema. "Kungoja mnaweza. Bei huenda ikashuka, huenda isishuke. Ila mkingoja hamchagui chumba. Mnapewa kilichobaki, na mnaweza kukosa kabisa. Mkikata leo, nauli ziko mbili. Kuna inayobadilika, ambayo mkipata dharura mnasogeza tarehe au mnarudishiwa fedha. Na kuna isiyobadilika. Hiyo ni nafuu, lakini ukishalipa, umelipa. Uende usiende, hairudi."

Aliwapigia hesabu. Kwa fedha waliyokuwa nayo, nauli inayobadilika ingewapa chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Nauli isiyobadilika ingewapa chumba cha pembeni, chenye dirisha la kuangalia bahari. Kupata vyote viwili, dirisha na ruhusa ya kubadilisha, kulihitaji mashati mengine mia tisa.

Mzee Mvuke hakusita. Aliweka kidole kwenye picha ya chumba cha ndani.

"Hiki," alisema. "Chini, katikati ya meli. Hapo hapayumbi hata bahari ikichafuka, naijua sehemu hiyo. Na tiketi iwe inayobadilika. Binadamu huwezi kujua ya kesho."

Aliona amenena. Wakala naye alikuwa ameanza kuandika. Ndipo mkewe aliposema, taratibu kabisa, "Binti yangu, simamisha mkono."

Kisha akamgeukia mumewe. Maneno aliyoyasema pale Mzee Mvuke ameyashika kwa moyo, na anayarudia mbele yetu bila kubadilisha hata nukta.

"Mimi nataka ile isiyobadilika, baba watoto. Hata kama isingekuwa na dirisha, ningeitaka hiyo hiyo. Ile nyingine nakujua, utaibadilisha."

Wakala aliinamia kalamu yake kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Mzee Mvuke akaomba atoke nje kidogo kupunga hewa.

Mkewe alimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta, kofia mkononi. Alidhani amekasirika. Hakuwa amekasirika.

"Naogopa, mama watoto," alimwambia.

"Unaogopa nini, maji?"

"Naogopa kukaa juu."

Akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba alipowaza safari hii alikuwa akiiwaza kwa uzuri mpaka anapofika mahali pamoja. Asubuhi ya kwanza, kuna mtu anagonga mlango. Anafungua, na hapo amesimama kijana wa umri aliokuwa nao yeye, amekuja kuchukua taulo chafu.

"Nitamtazama vipi yule kijana?" aliuliza. "Ni kama nakwenda kujikanyaga mwenyewe. Nimekaa naipenda ile meli miaka yote hii kwa sababu nilikuwa wa kule chini. Nikikaa juu, sijui kama itabaki kuwa yangu."

Mkewe hakumcheka, ingawa ni mtu mwepesi wa kucheka. Alichukua ile kofia, akaikung'uta.

"Utamsalimia," alisema. "Wewe walikusalimia wangapi?"

Mzee Mvuke alifikiri. Katika miaka tisa hakuna abiria aliyemjua jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona.

"Basi," alisema mkewe. "Atapata wa kumsalimia. Na mimi je? Ujana wako ulimpa nani? Ulizipa shuka za watu. Sikulalamikii kwa hilo, tulikula, watoto walisoma. Lakini nami nilikuwa kijana, na nilikuwa mzuri, uliza. Nilikungoja nikiwa na nywele nyeusi. Sasa magoti yananilia ngazi hizi tu. Ukisogeza mwaka mmoja tena, utakwenda na picha yangu."

Mzee Mvuke anapofika hapa katika kusimulia, anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Anasema ni mvuke. Pasi imezimwa muda mrefu, lakini tunamwachia.

"Unajua, mimi nilikuwa najiona ndiye niliyekosa," anasema. "Miaka yote hiyo, nilikosa jua, nilikosa kuona bahari. Kumbe na mwenzangu naye alikosa, na hakuwa hata na wimbo wa kumliwaza."

Walirudi ndani. Wakala aliwauliza kama wameamua. Mzee Mvuke akamwonyesha chumba chenye dirisha.

"Baba, una uhakika?" aliuliza msichana. "Nikibonyeza hapa, hairudi."

Kwa mujibu wa mkewe, mumewe alikaa kimya kwa muda ambao chai ingepoa. Kwa mujibu wa mumewe, haukuwa muda wowote. Wanachokubaliana ni kwamba hatimaye alipiga moyo konde, akasema, "Bonyeza, mwanangu, kabla sijawa na akili tena."

Walipofika nyumbani, mkewe alikaa kwenye benchi la wateja, akavua viatu, akalia kidogo, kisha akauliza kama kuna chochote cha kula.

Tangu siku hiyo mtaa mzima unajua. Jirani mmoja amewaambia wangengoja wangepata bei nafuu zaidi, na huenda ni kweli. Mzee Mvuke haulizi tena. Anasema akiisikia bei imeshuka ataziba masikio, kwa kuwa kuna vitu ukivinunua kwa bei ndogo baada ya muda wake unakuwa umepunjika.

Mipango anayo. Atamwonyesha mkewe ukumbi wa chakula, ambao yeye mwenyewe aliwahi kuuona ukiwa mtupu tu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Anajua abiria haruhusiwi kushuka kwenye chumba cha dobi, wakala amemweleza hivyo, lakini ana nia ya kumsalimia atakayegonga mlango, na kumwuliza jina lake, na huko chini siku hizi wanaimba nini.

Kubwa kuliko yote, anasema, anataka kumwona mkewe akiangalia nje asubuhi ya kwanza. "Bahari nitaiangalia siku ya pili," anasema.

Tukiwa tunaaga, anaingia mteja wa miaka mingi, bwana mnene mwenye duka la samani, kabeba suti tano kwenye mkono. Kijana wake anaoa. Anataka suti hizo na gauni la bibi harusi zipigwe pasi wiki ile ile ya harusi, na hamwamini dobi mwingine. Atalipa mara mbili, anasema, akizilaza suti mezani kama jambo lililokwisha.

Anaitaja tarehe. Mzee Mvuke anaitafakari, kisha anazikusanya suti zile kwa upole, moja baada ya nyingine, na kumrudishia mikononi.

"Wiki hiyo sipo," anasema. "Nasafiri na mke wangu."

Bwana yule anaangua kicheko. Anamwambia Mzee Mvuke aache mzaha, yeye tangu lini akasafiri, na safari si inaweza kusogezwa mbele.

Nyuma ya pazia, mlio wa vifungo umekoma.

"Hajasikia huyo," inasema sauti ya mkewe. "Hebu mwambie tena."

Na Mzee Mvuke anamwambia tena.