Siku Niliyomtafsiria Baba

Harufu ya glavu za sufi zinazokauka hunikera hadi leo. Karibu kila chekechea hapa Stockholm ina lile kabati refu la kukaushia nguo za watoto, na mlango wake ukifunguliwa hutoka joto lenye harufu ya sufi mbichi, theluji iliyoyeyuka na soksi za jana. Wazazi wenzangu husema ni harufu ya utoto. Ni kweli, hata utoto wangu umo. Ila mimi nikienda kumchukua mwanangu hubana pumzi, nikashika glavu zake na kutoka haraka, maana humo ndani namwona baba yangu amekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne, magoti karibu na kidevu, akiwatazama watu wasiojua alichowaambia.

Tuliishi Hjulsta, mwisho wa reli ya chini ya ardhi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mdogo wangu Amani alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mama alikuwa amepata kazi ya kuwahudumia wazee kule Spånga, kazi aliyoiombea tangu tutoke kambi ya wakimbizi. Baba, ambaye kwetu Uvira alikuwa mwalimu na hapa alikuwa anaosha mabasi, akafanya jambo ambalo ukoo wetu mzima haukuwahi kuliona: alichukua likizo ya kulea. Sheria ya hapa inamruhusu baba kukaa nyumbani na mtoto huku akilipwa, na Waswidi huona ni jambo la kawaida. Wanaume wa kanisani kwetu hawakuona hivyo. Walimwita Mama Amani. Ibada ikiisha walimuuliza kama maziwa yanatoka vizuri. Baba alicheka nao, maana alikuwa mtu wa kucheka, lakini nilimwona akiendelea kusukumasukuma kigari cha mtoto wakati Amani alikuwa amelala zamani.

Sijui nani alimweleza habari za kikundi cha akina baba. Kilikutana kila Alhamisi alasiri katika chekechea ya mtaani kwetu, watoto wakishaondoka, kikiongozwa na Lennart, mzee mpole aliyevaa soksi zenye rangi mbalimbali. Hapo wanaume walizungumza juu ya kulea: namna ya kumtuliza mtoto, na namna ya kujituliza wao wenyewe. Alikuwapo mkalimani, Mtanzania mmoja msemaji kwelikweli. Alhamisi moja mkalimani huyo akaugua. Baba alinisubiri mlangoni mwa shule, Amani kwenye kigari, akaniambia leo nitamsaidia kidogo. Nilijivuna, nisiwafiche. Barua za ofisini nilikuwa nimeanza kumsomea tangu nina miaka tisa, kwa hiyo nilijiona mtaalamu.

Desturi yao ilikuwa kupokezana kijiwe laini cha mtoni. Anayekishika ndiye anayesema, wengine wananyamaza. Wa kwanza siku hiyo alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu. Alisema alimfokea binti yake mpaka mtoto akajikojolea, kisha yeye mwenyewe akaenda kulia bafuni. Nilimnong'oneza baba hayo yote, masikio yakiniwaka moto. Hakuna aliyeshtuka. Lennart alimshukuru tu kwa kuwaamini. Baba alimtazama yule mtu kwa muda mrefu, namna anavyotazamwa mtu wa nyumbani aliyepatikana ugenini.

Kijiwe kikamfikia. Baba alikifumba kiganjani.

"Mama," aliniambia, kwa maana ndivyo akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao, "ubaambie yote. Usiache kitu."

Kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu Uvira, polepole, ili niweze kumfuata. "Baba yangu alikuwa anatupiga mpaka fimbo inavunjika. Na huyu mutoto akilia sana, niko nasikia mikono yangu inataka kufanya vile vile. Jana nilimuweka chini, nikatoka kwa ngazi, nikalia. Niko naogopa mikono yangu. Banionyeshe namna ya kufanya."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno kama hayo. Sikujua hata kwamba jana alilia. Lakini kilichonijaa kichwani hakikuwa huruma, kilikuwa woga. Kanisani akina mama walikuwa hawana hadithi nyingine: watu wa soshali, ofisi ya ustawi wa jamii, walikuja kwa fulani, wakauliza maswali mawili matatu, wakaondoka na watoto. Mwenye ndevu nyekundu angeweza kusema analotaka, yule ni wa hapa. Sisi je? Nilimtazama Amani, ambaye wakati huo alikuwa chini anatafuna kamba ya kiatu cha mtu, nikaona tayari anabebwa. Na niseme yote: niliona haya pia. Sikutaka watu wale wapole wajue kwamba babu yangu alivunja fimbo.

Nikageuka, nikawaambia kwa Kiswidi changu kizuri cha shuleni kwamba baba anafurahi sana kukaa nyumbani na mdogo wangu, kwamba kwao wanaume hawafanyi hivi, lakini yeye sasa hata uji anajua kuupika.

Walicheka, ule mcheko wa upendo. Mwenye ndevu nyekundu akapiga makofi, na wengine wakamfuata. Baba alikuwa bado ameshika kijiwe.

"Banacheka nini?" akaniuliza.

"Banafurahi tu, papa."

Alikiweka kijiwe sakafuni, akamvika Amani koti, na tukarudi nyumbani. Hakwenda tena. Majuma machache baadaye aliomba kurudi kwenye mabasi, na Amani akaanza chekechea. Baba hakumpiga hata siku moja. Alipata dawa yake mwenyewe: hakumgusa kabisa. Mtoto akilia, yeye anachukua koti. Mwanzo alikwenda ngazini, baadaye kwa marafiki, halafu zamu za kazi zikawa ndefu kuliko siku zenyewe. Amani alipokuwa na miaka saba, baba alihamia Hagsätra, upande wa pili kabisa wa mji. Amani alimuulizia kwa majuma mawili, kisha akaacha.

Mimi kwa miaka mingi nilijiona shujaa. Niliamini kwamba siku ile nilimwokoa mdogo wangu asichukuliwe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mimba ya mwanangu huyu ikiwa na miezi sita, mkunga aliponiuliza kama baba wa mtoto angependa kujiunga na kikundi cha akina baba. Nililia pale kitini mpaka akaniletea maji. Amani alikuwa amenyang'anywa baba, na aliyemnyang'anya ni mimi. Baba aliomba msaada mara moja tu maishani mwake, na ombi lake liliishia kwangu.

Jumamosi iliyofuata nilimlazimisha Amani twende Hagsätra. Baba alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza yote kwa Kiswahili, hapo hapo jikoni, nikiwa nimesimama. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akaweka kisu.

"Kumbe habakunicheka," alisema.

Miaka kumi na miwili alikuwa ameamini kwamba wanaume wale waliusikia moyo wake wote, wakaucheka na kuupigia makofi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniomba tu nimweleze Amani maneno aliyoyasema siku ile, kwa sababu Kiswahili cha Amani kiliishia kwenye salamu, na Kiswidi cha baba kiliishia gereji.

Nilimtafsiria. Fimbo ya babu, ngazi, mikono, vyote. Amani alisikiliza akiwa bado amevaa koti lake. Kisha akasema kwa Kiswidi, bila hasira: "Mwambie nimeelewa. Lakini mwambie pia kwamba mimi simjui, na sioni sababu ya kuanza kumjua sasa."

Baba akanigeukia, akasubiri. Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu, mzuri na mtamu, wa kumfurahisha kila mtu. Niliumeza, nikamwambia alichosema mwanawe. Aliitikia kwa kichwa. Halafu akamtazama Amani, akamwambia asante kwa Kiswidi, yeye mwenyewe.