Nakala Sita za Mama

Mimi ni mtu wa ndani. Jirani yangu hapa Mkuyuni hunigongea dirishani kila baada ya siku tatu nne, na wala si kwa ajili ya salamu. Anahakiki.

"Upo hai humo?"

"Nipo."

"Haya. Nilidhani tuanze kuchanga."

Simlaumu. Ninaweza kumaliza wiki bila kufika barabarani, na mkate ukiisha nakula viazi. Kidato cha nne nilitoka na matokeo ambayo mpaka leo nikiulizwa nageuza mazungumzo. Baada ya hapo nikajifunza kompyuta, na kwa miaka mingi nimekula kwa kutengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Maua ni yaleyale, nabadilisha rangi tu. Kuchora nilikuwa nachora kwa siri, kwenye kishikwambi, kama mtu anayekula mboga jikoni kabla ya wageni.

Mama ndiye pekee aliyekuwa akiniona nikichora. Alikuwa ameanika dagaa ufukweni Igombe maisha yake yote, mpaka miguu ilipokataa, akahamia kwangu. Tukawa watu wa ndani wawili. Nilianza kumchora jinsi nilivyomkumbuka: ameinama juu ya mchanga, anageuza dagaa, ziwa likiwa nyuma yake. Akavuta kiti akachungulia.

"Mgongo huo wa nani?"

"Wako, mama."

"Mimi sina mgongo wa hivyo. Huyo umechora kiboko."

Nikaupunguza mgongo. Akasema sasa amekuwa kama mgonjwa, nirudishe. Tukaendelea hivyo mvua zote za mwaka ule, mimi nachora, yeye analalamika, na picha ikakaribia kwisha. Aliyekwisha kabla ya picha ni yeye. Ratiba ya mazishi yake niliitengeneza mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilichora maua mapya.

Baadaye mama mmoja mhadhiri mstaafu wa Nyegezi alikuja kuchukua ratiba za ibada ya shukrani ya marehemu mumewe. Kishikwambi kilikuwa wazi mezani. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akasahau hata kilichomleta.

"Unauza?"

Nikacheka. Nikamwambia, mwalimu, hii si picha ya rangi na brashi, imo humu kwenye mashine tu. Naweza kuitoa hata elfu moja kabla hujafika stendi.

"Ndiyo maana sikuulizi bei kwanza," akasema. "Nakuuliza utatoa ngapi."

Akakaa akanifundisha. Kumbe kwake ukuta mzima umejaa picha zilizochorwa kwenye kompyuta na kutolewa kwa mashine, na hapa mjini wameanza kuwa wengi wanaozikusanya. Picha hutolewa kwenye karatasi nzito ya pamba, kwa wino usiopauka upesi. Msanii hutaja idadi tangu mwanzo, huandika namba kwa penseli chini ya kila nakala, huweka sahihi, na idadi ikitimia, basi. Mnunuzi ananunua picha, lakini zaidi ananunua ile *basi*.

"Sema idadi."

"Sita," nikasema. Kwa nini sita, sijui. Labda kwa sababu vikombe huuzwa sita.

Karatasi iliagizwa Dar ikaja kwa basi ndani ya bomba la plastiki. Nikaipeleka Igoma, kwa dada mmoja mwenye mashine kubwa ya mabango. Alilipokea bomba kama amepewa mtoto wa mtu.

"Mashine yangu imezoea wahubiri na wagombea, kaka. Huyu wa kwako hata uso hauonekani. Anagombea nini?"

"Ni mama yangu."

Akaosha mikono, ndipo akaigusa karatasi.

Nakala ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Ilitoka imeelekea ubluu kidogo, kidogo sana. Akarekebisha, zikatoka sita safi, tukabaki na karatasi moja tupu. Akaniuliza ile ya majaribio nitaibeba? Mimi nikiwa nimeshiba mafundisho ya Nyegezi, nikaichana vipande vinne palepale. Sita ni sita! Nilijiona mtu wa maadili makubwa.

Nyumbani nikaandika na hati ya kuambatanisha na kila nakala, kwa Kiswahili changu cha ratiba za mazishi: "Nakala hizi ni sita tu. Faili limefutwa. Ya saba haitakuwepo hadi mwisho wa dunia." Kiama nilikiingiza mimi mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Mhadhiri akaandaa maonyesho madogo kwenye ukumbi mmoja kule kwao. Nilivaa viatu. Nakala zote sita zilipata wenyewe alasiri ileile: moja mhadhiri mwenyewe, moja daktari wa meno, moja ikaenda hotelini, moja Musoma, mbili Dar. Kisha nikasimama mbele ya watu nikafuta picha kwenye kishikwambi, nikafuta na kwenye flashi. Wakapiga makofi. Nilikuwa sijawahi kupigiwa makofi maishani mwangu, hata siku ya ubatizo nilikuwa nalia.

Watu walipotawanyika, mhadhiri akaniuliza, "Na ya kwako utaitundika wapi?"

"Ya kwangu ipi?"

Akanitazama. "Msanii hubaki na nakala yake, nje ya hesabu. Huandikwa tu kwamba ni ya msanii, na wanunuzi huambiwa mapema. Wengi huchukua ile ya majaribio. Hukujua?"

"Najua," nikasema.

Sikujua. Nilirudi Mkuyuni na hela mfukoni na ukuta mtupu. Picha ya mama iliyobaki ndani ni ile ya kitambulisho cha kura, ndogo kama kucha, na humo amekaa kama mtu anayesomewa mashtaka. Kiti chake kilikuwa palepale pembeni ya meza. Nikawa nikichora nasubiri kutukanwa, na hakuna anayenitukana. Mtu wa ndani akiwa peke yake haitwi tena mtu wa ndani; sijui anaitwaje. Jirani aligonga dirisha, nikamjibu nipo, na nikaona nimejibu upesi kuliko kawaida, nikitamani aendelee kuuliza.

Miezi ikapita. Siku moja saa nne asubuhi dada wa Igoma akapiga simu.

"Kaka, kompyuta ya mashine imejaa, nasafisha. Mama yako yumo humu."

"Yumo wapi?"

"Humu. Katikati ya bango la mkutano wa injili na tangazo la chakula cha kuku. Na ile karatasi yako iliyobaki ninayo. Njoo."

Nilifika Igoma nikiwa nimevaa kandambili. Alikuwa amemfungua kwenye kioo, mkubwa, mgongo uleule tuliougombania. Karatasi alikuwa ameshaiweka kwenye mashine.

"Dakika nane tu," akasema. "Nani atajua?"

"Nimeandika mwisho wa dunia, dada."

"Kwani mwisho wa dunia utaanzia Igoma?"

Nikacheka, na niseme ukweli, nikamwambia, "Haya, washa." Sikuwa mtakatifu. Mashine ikaanza kuunguruma ikijipasha. Nikatazama kioo, nikawaza wale watu sita. Wengi wao hawakunijua, walichonacho kwangu ni sentensi tatu na penseli. Daktari wa meno akimwonyesha mgeni wake, anamwambia zipo sita. Nikitoa ya saba, nitaitundika nikiwa nimefunga mlango, na akija mtu nitaigeuza uso. Mama ageuziwe ukutani kama mtoto mtukutu!

"Toa," nikasema.

"Nitoe karatasi, au nitoe picha?"

"Toa vyote. Karatasi kwenye mashine, na picha kwenye kompyuta."

Kidole chake kilikaa hewani. "Kaka, nikibonyeza imekwenda."

"Bonyeza."

Alibonyeza. Hakunitania tena. Alinivutia kiti, akasema nikae kidogo basi, nikakaa mpaka mteja wa bango akaja.

Jumapili iliyofuata nilimpigia mhadhiri nikamwomba kitu ambacho sikuwahi kumwomba mtu: kwenda kumtembelea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Yupo sebuleni."

Akaniacha naye, akaenda kuweka chai. Nikasimama mlangoni, maana kochi liko upande wa pili, chini ya picha, na sikutaka kukaa haraka. Nilipomchora nilikuwa nimeikuza picha, nikashinda siku nzima kwenye kidole chake kimoja, kesho kwenye mkunjo wa khanga. Hata siku ya maonyesho nilikuwa nawatazama watu. Sikuwahi kumwona kwa mbali kiasi hiki.

Kwa mbali mama ni mdogo. Karibu picha yote ni mchanga na dagaa, halafu ziwa, na yeye katikati, hakuna mtu mwingine. Nilimchora kwa kukumbuka, na kumbukumbu zangu hazikumweka mtu yeyote karibu yake. Mimi mwenyewe simo. Miaka ile, akishinda juani Igombe, nilikuwa ndani na penseli yangu, kivulini, nasema nasoma.

"Sukari ngapi?" mhadhiri akaita kutoka jikoni.

Nikajibu mbili. Kisha nikamuuliza, nikiwa bado nimesimama pale mlangoni, kama Jumapili ijayo atakuwepo nyumbani.