Nilimulazimisha Mwanangu Achukue Neno Mbele ya Wenzake

Nimekosa, na sikuja hapa kutafuta huruma. Wewe unayesoma huku ukitikisa kichwa, tikisa! Hata mimi nikijiona kwenye kioo natamani kujitemea mate.

Mimi ni mutu wa Rumonge. Shule niliacha darasa la nne, nikaanza kubeba mawese kwa baiskeli kutoka Minago, mvua yote kichwani. Leo mashine za kukamua mawese niko nazo, lori niko nalo, na wale waliokuwa wananicheka ndio wananisalimia kwanza, wananiita patron, yaani bosi. Hakuna aliyenisukuma. Mudomo wangu ndio ulionifikisha hapa! Mutu akija kununua chumvi, ataondoka na mawese yangu.

Basi Mungu akanipa mutoto wa kwanza, nitamuita Joeli, mwenye akili nyingi na haya kuliko bibi harusi. Mugeni akiingia sebuleni, yeye anatokea mulango wa nyuma. Alipopata nafasi chuo kikuu, Bujumbura, nilitangaza soko zima. Katika ukoo wetu wote, yeye wa kwanza!

Nikamupigia simu.

"Umezoea?"

"Kidogo, papa."

"Marafiki uko nao wangapi?"

"Mumoja. Anaitwa Dezire, wa Bugarama. Tunakaa chumba kimoja."

"Mumoja! Ulienda kusoma ao ulienda kujificha?"

"Kusoma, papa," akanong'ona. Kule kunong'ona kulinichoma kama tusi. Mutoto wa mutu kama mimi!

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Sikumuuliza mama yake, sikumuuliza yeye. Nilipakia samaki, mukeke wazuri, kwenye barafu, nikaenda Bujumbura, nikakodi kabare, baa ya karibu na chuo, nikaalika darasa lao zima. Nilijiambia: haya hii nitaing'oa siku moja, kama jino bovu.

Unajua kwetu karamu bila hotuba si karamu. Mutu anasimama, anachukua neno, ndipo watu wanakunywa. Nilisimama mimi kwanza, nikajisifu mpaka jasho likanitoka. Kisha nikasema: "Sasa Joeli achukue neno. Na hakuna kufungua chupa mpaka aseme!"

Joeli akasimama. Macho kwenye sahani. Wanafunzi wakaanza kugonga meza kwa chupa. "Neno! Neno! Tuna kiu!" Mumoja akapaza sauti: "Mzee, huyu mulimununua bila betri?"

Wakacheka. Wanakula samaki wangu, wanamucheka mutoto wangu, mashetani wale! Na mimi badala ya kuwafukuza, nikacheka nao. Ndiyo. Nilicheka.

Kijana mumoja mwembamba akainuka kando yake. "Mzee, mutuwie radhi. Mimi ni Dezire. Naomba nichukue neno kwa ajili yake."

Nikatazama shati lake. Nililijua! Nililinunua mwenyewe, nikamupa Joeli siku ya kuondoka nyumbani.

"Wewe ndiye useme kwa ajili ya mutoto wangu? Kwanza muvulie shati lake! Kumbe ndiyo maana hana rafiki mwingine, umemuganda kama kupe!"

Kabare yote ikalipuka kwa kicheko. Dezire alifungua vifungo polepole, akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka mezani mbele yangu. Akatoka na fulana ya ndani.

Ndipo Joeli akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kicheko kilikatika, kila mutu akasikia.

"Papa, shati nilimupa mimi. Mwanzoni nilikuwa nafika mulango wa darasa, naona watu wote wale, narudi chumbani. Dezire akaniona. Tangu siku ile ananingoja kila asubuhi, tunaingia pamoja. Bila yeye ningekuwa nimerudi Rumonge zamani. Sasa kesho utaingia nami wewe?"

Akamufuata mwenzake.

Nikawaambia wale wengine wanywe, na wakanywa, bila aibu hata kidogo.

Dezire alihama chumba. Alimwambia Joeli hana kinyongo naye, ila hawezi tena kulala katikati ya vitu nilivyonunua mimi. Nilituma mutu akamuombe radhi. Nilituma mutu! Kwenda mwenyewe kiburi kilinikataza. Na mwanangu hakuingia darasani tena, wala mitihani hakufanya.

Leo Joeli iko Kigwena kwa mujomba wake, anakata ngazi, matunda ya michikichi. Simu ya mama yake anapokea, yangu hapana. Juzi nilipanda lori langu mwenyewe, nikaenda kununua ngazi kule. Nikamukuta anapanga vichala vya ngazi kando ya barabara.

"Amahoro, mwanangu."

Akafuta mikono kwenye suruali, akaniangalia kwa heshima, vile mutu anavyomuangalia mununuzi.

"Amahoro, patron. Leo munachukua vyote ao munachagua?"

"Vyote," nikasema. Akaanza kupakia.

Basi wewe baba mwenye mudomo mukubwa kama wangu, unayetaka mutoto mupole apige kelele kama wewe, sikia. Akikuambia amepata rafiki mumoja kule chuoni, mushukuru Mungu, funga mudomo, baki nyumbani kwako. Ukienda, usije kunililia. Nitakufungia mulango!