Mtu Aliyeomba Kufundishwa Biriani

Bi Arafa, mtu wa Wete, amepika katika nyumba moja ya Al Rayyan, ughaibuni kwa Waarabu, kwa miaka ishirini na sita. Watoto aliowakuta wananyonya sasa wana watoto wao. Mwenyewe ana miaka sitini na mbili, na kisukari anakwenda nacho mwaka wa kumi na tano. Kwa sababu hiyo, kila baridi ikikaribia, kituo cha afya humtumia ujumbe aende akapate chanjo ya nyongeza ya korona.

Miaka yote aliyempeleka alikuwa Iddi, dereva wa nyumba hiyo, mtu wa Pangani. Mwaka huu Iddi amekwisha rudi kwao moja kwa moja. Ujumbe ukakaa kwenye simu wiki tatu. Alipojikaza mwishowe, alikwenda kwa teksi.

Muuguzi alikuwa Mkenya, jina lake Nyaboke.

"Mama, umewahi kushikwa na Covid?"

"Nimewahi, mwanangu. Ramadhani ile ya mwaka wa kwanza. Nikafungiwa chumba cha juu ya gereji."

"Nani alikuwa anakuangalia?"

Bi Arafa akacheka. "Dereva. Lakini yule alikuwa ananitesa!"

Akasimulia. Kila alasiri Iddi aliweka kiti chini ya dirisha, barakoa usoni, daftari na kalamu mkononi, akaita: "Dada Arafa, leo nifundishe biriani." Yeye homa imempanda, hata harufu ya sabuni haisikii, naye Iddi amefunga, anataka habari za vitunguu vya kukaanga! Akianza, Iddi humkatiza: "Nimepotea. Rudia toka mwanzo, usipumzike." Bi Arafa alikasirika, lakini ilipofika saa tisa sikio lake lilikuwa dirishani. Siku ya saba ilikuwa zamu ya mkate wa kumimina. Alifika kwenye tui la nazi, akashindwa kuendelea. Akajaribu tena, akashindwa palepale. Kiti kikaanguka kule chini, na kabla ya adhana ya magharibi gari la wagonjwa lilikuwa getini. Akawekewa oksijeni siku mbili, akapona.

Nyaboke alikuwa ameshika sindano, hajaidunga. "Mama, huyo hakuwa anataka mapishi. Alikuwa anakupima pumzi. Hata sisi humwambia mgonjwa aongee maneno marefu, tuone pumzi itakatika wapi."

Sindano iliingia ikatoka, Bi Arafa hata hakuisikia. Miaka yote hiyo alimhesabu Iddi kuwa mlafi tu.

Aliambiwa asubiri robo saa kabla ya kuondoka. Akakaa, akapiga simu Pangani.

"Kaka Iddi, niambie kweli. Lile daftari la mapishi liko wapi?"

Kikaja kicheko kilekile cha zamani. "Daftari gani, dada? Sijaandika hata neno moja. Nilikuwa naangalia saa."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia ungeogopa. Nawe ukiogopa hugombana na watu."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Wakakumbushana. Ijumaa za kwenda shambani Umm Salal kuchukua maziwa, gari halina kiyoyozi, wamefungua vioo vyote na vumbi linawaingia midomoni. West Bay maghorofa yanahesabika kwa vidole, na Iddi akiapa kwamba hakuna atakayepanga humo. Kaseti ya taarabu aliyoificha chini ya kiti, bwana mwenye nyumba asiione. Robo saa ikapita, na nyingine, hakuna aliyetaka kukata.

"Nani atanipeleka sasa, Iddi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Si umekwenda mwenyewe? Mkono unauma?"

"Bado. Na wewe, na pumu yako hiyo, umekwenda kuuliza hospitali kama chanjo wanayo?"

"Nitakwenda kesho."

"Kesho yako naijua. Nitapiga."

Usiku alipata kihoma chepesi, akanywa panadoli, akalala. Asubuhi mkono ulikuwa mzito, unga akaukanda kwa mkono mmoja. Saa nne akapiga. Iddi alipokea kwa sauti ya chini, nyuma yake watu wanaitwa majina.

"Niko kwenye foleni, dada," akasema. "Usinigombeze, zamu yangu inakaribia."